Tabaka la Arobaini na Moja

"Jamani, bosi kala vitafunwa vya kompyuta!"

Mzee Tu aliinua juu pakiti ya kijani iliyobaki tupu, na ofisi nzima ya wachora ramani ikageuka kumtazama Bwana Lien. Kwa imani ya huku, pakiti ile hukaa juu ya mashine ili mashine iwe na adabu, isigome. Haifunguliwi, haiachwi ikapitwa na tarehe, na zaidi ya yote hailiwi.

"Njaa iliniuma," alisema bosi, chembe za mahindi zingali mdomoni.

"Basi ndiyo maana mashine imegoma," alisema Mzee Tu.

Ju-ping, mchoraji kijana, hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa anapambana na tabaka moja tu la mchoro wa kompyuta, yaani karatasi moja angavu kati ya nyingi zilizopangwa juu ya nyingine. Mchoro wa mnara mpya ulikuwa na nyumba arobaini na moja za kubomolewa, kila moja kwenye tabaka lake, na yote yalipaswa kufutwa kabla faili halijapelekwa halmashauri ya jiji la Tainan. Arobaini yalifutika bila ubishi. La mwisho, nyumba ya Bibi Kang, ajuza aliyekataa kusaini mpaka majirani wakamshinda kwa wingi, lilikataa kama mwenyewe. Tabaka hili linatumika, mashine ilijibu kila mara.

"Saa kumi na moja saini za wenyeji zinakwisha nguvu," Bwana Lien alimkumbusha. "Faili lisipopita, miaka sita ya kugonga milango ya watu imekwenda na maji. Nawe utakwenda nayo."

Ju-ping alizima matabaka yote, akaacha hilo peke yake. Kioo kikawa cheusi tii. Hapakuwa na kitu, ila kipunje cheupe pembeni.

"Vumbi hilo," alisema Mzee Tu, akimpa kitambaa. Alikuwa amechora kwa miaka thelathini na minane, na hakuna aliyembishia. Ju-ping akapangusa mara moja, akaendelea kuhangaika.

Mchana mzee alimwekea pera lililokatwa vipande, limenyunyiziwa unga wa plamu. "Kula, mwanangu. La nyumbani hilo." Kisha akapiga simu yake ya kila siku. "Mama, umeshakula? Haya, kaa hapo hapo kwenye kigoda chako, chini ya mpera. Nikitoka nakuja."

Saa kumi na nusu Ju-ping alijaribu njia ya mwisho. Alihamisha mchoro wote, kipande kwa kipande, kwenye faili jipya. Tabaka likatoweka. Alipiga ukelele, machozi yakimlengalenga.

"Nenda kanawe uso kwanza," alisema Mzee Tu. "Nitakulindia mashine, bosi asije akala na kibodi."

Alirudi anatabasamu, akalituma faili. Jibu likaja baada ya dakika mbili: Limekataliwa. Tabaka 41 halijaondolewa.

Alianza upya, lakini kwa haraka ile kila alichogusa kiliharibika. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Bwana Lien alitazama saa ya ukutani, akaondoka. Ju-ping akalaza uso mezani, akalia.

"Pole, binti," alisema Mzee Tu, akichukua mkoba wake. "Umejitahidi sana." Akatoka upesi upesi, maana mama yake alikuwa anamngoja.

Alipobaki peke yake, na hakuna tena cha kukimbilia, Ju-ping aliliwasha tabaka lile. Kipunje cheupe kilikuwapo bado. Alikipangusa kwa kidole, hakikutoka. Akakikuza, akakikuza tena, mara mia, mara elfu, mpaka kikajaa kioo kizima.

Ulikuwa mpera, umechorwa jani kwa jani, na chini yake kigoda.