Wanja wa Ijumaa

Mzee aliteremsha mkono wa kanzu yake mara tu aliposoma neno la Kiingereza kwenye kichupa cha dawa ya kusafishia ngozi: alcohol.

"Nimeshatia udhu," alisema. "Pombe hainigusi."

Mwanarehema alibaki na pamba mkono mmoja, sindano ya sukari mkono wa pili. Miaka sita iliyopita alikwenda Uingereza kusomea uuguzi bila radhi ya babake huyu. Leo amerudi kwao Jomvu Kuu, na baba amemkalisha barazani kama mgeni.

Akamtazama machoni. Macho yalikuwa yamepakwa wanja, kama kila Ijumaa kabla ya msikiti.

"Baba, wanja huo Waarabu wanauitaje?"

"Al-kuhl. Nilikufundisha mwenyewe."

"Basi ndilo neno hili. Lilikuwa wanja, unga uliosagwa ukalainika kabisa. Wazungu wakalichukua, likawa jina la kila kitu kilichochujwa kikabaki kiini, mwisho likaangukia kwenye pombe. Lakini kwao ni hapo machoni pako."

Mzee akagusa ukope, akautazama weusi uliobaki kwenye ncha ya kidole.

"Limekwenda mbali," alisema.

"Limekwenda, baba."

"Na liliporudi, watu wa kwao hawakulitambua."

Mwanarehema akaishusha pamba.

Mzee akainuka taratibu, akausukuma mlango wa nyumba, akaanza kukunja mkono wa kanzu.

"Mtu hachomwi sindano barazani," alisema. "Ingia kwenu."