Kifurushi cha Alhamisi

Tangu takwimu za sensa ziunganishwe na za kampuni ya vifurushi, watu wa Tanga waliacha kuagiza vitu. Kampuni ilijua kila nyumba ina nani na inanunua nini, ikawaletea mahitaji hata kabla hawajayawaza.

Alhamisi hiyo Bi Mwanakombo alifungua kifurushi chake mlangoni, mbele ya dereva aliyekileta. Sukari ilikuwa nusu ya kawaida. Chini yake zilikuwa zimekunjwa nguo nyeupe za eda, za kipimo chake hasa.

“Mmekosea nyumba! Mume wangu yuko hai, ana kikohozi tu.”

“Hawajawahi kukosea, mama,” dereva alijibu, macho chini.

Kutoka chumbani mumewe akaita, “Mwanakombo wee, dawa yangu ya kifua imekuja?”

Bi Mwanakombo akapekua kifurushi mpaka chini. Safari hii dawa hawakuileta.