Kitanda cha Dirishani

Hebu tegua hiki, wewe unayesikiliza: nikikupa, bado ninacho, ukimpa mwingine, sote wawili tumekikosa. Ni nini?

Usikimbilie kujibu. Kiroboto alipewa wiki saba nzima, na siku ya wosia ilipofika alikuwa hajajibu bado.

Siku hiyo alikaa mstari wa mbele ukumbini, beji ya kiranja wa bweni kifuani, sketi imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Walimwita Kiroboto kwa udogo wake, na kwa jinsi alivyorukaruka nyuma ya Twiga miaka mitatu mizima. Twiga mwenyewe, mrefu huyo, alikuwa jukwaani na karatasi mkononi, akingoja zamu yake.

Katika shule ile wasichana wanaomaliza hawaondoki kimyakimya. Kila mmoja husimama mbele ya wadogo zake akasoma wosia wa utani, utadhani keshokutwa anazikwa. Mmoja alimwachia jirani yake usingizi wote wa kipindi cha hesabu. Mwingine alimrudishia mpishi mawe yote aliyoyatafuna kwa miaka minne. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kitu kimoja tu katika wosia hakikuwa utani, nacho ni kitanda cha dirishani. Anayelala pale ndiye anayesikilizwa bwenini. Beji hutolewa na matroni. Kitanda huachiwa mtu na mwenyewe aliyekilalia. Kiranja asiye na kitanda kile ni beji tu inayotembea.

Kiroboto hakuwa na wasiwasi. Apewe nani mwingine? Nani alimfulia Twiga soksi, nani alimwekea ndoo kwenye foleni ya maji? Na Twiga alipokuwa na ile simu ya kujificha, ya kumpigia mama yake aliyelazwa hospitali, nani alisimama mlangoni kila Jumapili akikohoa mtu akipita?

Halafu simu ikakamatwa. Matroni aliingia asubuhi moja, hakupekua huku wala kule. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la Twiga, akachukua kopo la sabuni ya unga, akalimwaga sakafuni, simu ikaanguka pamoja na unga. Twiga akavuliwa beji, akavikwa Kiroboto. Wiki saba Twiga hakuisikia sauti ya mama yake.

Bweni zima likamgeukia Kasuku. Kasuku aliwahi kumfumania Twiga akiongea na simu, na msichana yule hata ndoto huota kwa sauti. Wakamsusa. Kiranja mpya akamhamishia kitanda chake karibu na mlango, panapopita kila mtu aendaye chooni.

Twiga peke yake hakumuuliza mtu. Kesho yake alimtegea Kiroboto kile kitendawili, kama walivyozoea kuteguliana, akasema, "Jibu utanipa siku ninayoondoka."

Sasa akasogea mbele ya jukwaa.

"Mimi, Twiga, nikiwa na akili timamu na shingo ndefu, jezi yangu namwachia atakayeifikia kabla hajazeeka." Kicheko. "Kitanda cha dirishani, pamoja na godoro lake ambalo halijafumuliwa hata mshono mmoja, namwachia Kasuku."

Vichwa viligeuka. Kule nyuma Kasuku alijishika kifua. "Mimi?"

"Wewe. Na mdogo wangu Kiroboto namwachia kopo la sabuni."

Watu wakacheka, wakangoja wasikie mzaha unakoelekea. Twiga akakunja karatasi, akashuka.  Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama Kiroboto na ile beji yake.

Alimfuata bwenini. Twiga alikuwa akifunga mizigo. Kopo lilikuwa juu ya godoro, Kiroboto akalinyakua, akalitikisa. Tupu.

"Ndiyo asante yako hii, Dada? Mbele ya shule nzima?"

"Pole, mdogo wangu."

"Pole ya nini! Umempa yule! Yule asiyejua kufunga mdomo! Mimi niliyekufulia mpaka soksi, unaniaibisha kwa kopo?"

"Soksi ulizifua kweli. Zilikuwa zinang'aa."

"Usinitanie, Dada. Nimekukosea nini?" Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Sasa nani atanisikiliza humu ndani? Nani?"

Twiga akakunja shuka la mwisho, pembe kwa pembe, bila haraka.

"Kasuku aliponifumania," akasema, "aliniuliza simu huwa naificha wapi. Nikauogopa mdomo wake, nikamdanganya. Nikamwambia naishonea ndani ya godoro."

Kiroboto alitazama godoro. Mishono yote ilikuwa mizima, tangu kichwani hadi miguuni.

Nje, gari lililokuja kuwachukua likapiga honi. Twiga akanyanyua begi, akalitua tena.

"Kopo nilimwonyesha mtu mmoja tu. Haya, mdogo wangu, ndiyo naondoka. Nipe jibu langu."

Kiroboto aliweka kopo chini. Mkono wake ukapanda wenyewe kifuani, ukaifunika ile beji.

"Siri," akasema.