Wateja wa Mama Anselmo

Mama Anselmo alifika mlangoni mwa chumba cha mafundisho ya kipaimara pale kanisani, akataka kutapika. Kwenye mabenchi walikaa wateja wake wa uraka, ile pombe ya mabibo, walewale waliokuwa wakijikojolea nyuma ya banda lake kule Chiungutwa, nzi wakiwatambaa midomoni. Leo wamechana nywele, wanakunywa chai!

Mzee mmoja akainuka. "Mama Anselmo, hapa tunasaidiana kuacha pombe. Hata huku umetufuata kutuuzia?"

Wote wakamtazama kama wanaotazama matapishi.

Alinusa vidole vyake. Alikuwa amevisugua kwa majivu tangu alfajiri, na bado vilinuka mabibo yaliyochacha.

"Nipeni na mimi chai," alisema.

Kikombe kikamtetemeka mikononi, chai ikammwagikia kifuani.

Mzee aliujua mtetemeko ule wa mlevi anayeacha pombe. Akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.