Kioo Namba Saba

Vioo tisa vilikuwa na majibu sawa. Kimoja hakikuwa.

Daktari Ongeri aliziweka karatasi mbili kando kwa kando juu ya meza ya maabara. Kwenye namba saba Dishon alikuwa ameandika, "Vijidudu vipo." Leonida alikuwa ameandika, "Hakuna."

"Mmoja wenu amekosea," alisema Daktari. "Na nafasi ni moja tu."

Ilikuwa nafasi ya kwenda Uingereza miaka miwili kusomea magonjwa ya kifua, nauli na karo vimelipwa. Mwaka huo wa 1966 hakuna mfanyakazi hata mmoja wa hospitali yao, pale mlimani juu ya Homa Bay, aliyekuwa amewahi kuipata. Waliotoa msaada huo walitaka mtu anayeweza kusoma makohozi kwa hadubini bila kukosea, na ambaye kifua chake mwenyewe ni kizima. Kwa hiyo Daktari alichanganya vioo vilivyopakwa makohozi ya wagonjwa wanane na viwili vya Dishon na Leonida wenyewe, vikapewa namba. Majina yalifungwa ndani ya bahasha.

"Angalieni tena. Dishon, anza."

Dishon aliinama. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, ingawa upepo wa ziwa uliingia dirishani. Kwa miezi miwili alikuwa akisoma vitabu kila jioni hata akasahau kula. Mshipi wake sasa ulifungwa kwa tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Hakuwa tayari kurudi Migori kumwambia mama yake kwamba nafasi imempita kwa sababu ya kioo kimoja.

Alikisogeza polepole. Buluu tupu. Buluu tena. Kisha akaviona: vijiti vitatu vyekundu, vyembamba kama nyuzi, na cha nne kando.

"Vipo, Daktari."

Leonida akachukua kiti. Alimzidi Dishon kwa miaka sita, na ndiye aliyemfundisha kutumia hadubini. Macho yake yalikuwa gumzo la hospitali. Wagonjwa wa kisiwa cha Mfangano walisema angeweza kuhesabu magamba ya samaki aliye bado majini. Leo aliangalia kwa muda mfupi mno.

"Mimi sioni kitu," alisema, akakohoa kwenye kitambaa. "Omera, ndugu yangu, labda umeona viazi vya Uingereza. Utavila huko mpaka usahau kuon, ugali wa mama yako."

Hakuna aliyecheka.

Dishon alikuwa akikitazama kile kitambaa. Kikohozi hicho kilikuwa na wiki tatu sasa. Na miaka miwili iliyopita mumewe Leonida alifia hapa hapa, wodi ya wanaume, kwa kifua kikuu. Dishon ndiye aliyemlisha na kumwinua ili akohoe, siku baada ya siku, huku ndugu za mgonjwa wakisalimia kutoka mlangoni. Na Leonida alikuwa amelala kitanda kimoja na mgonjwa yule miaka yote kabla ya kumleta.

Kisha akakumbuka Ijumaa. Mzee Gisiri, karani wa kubandika namba na kuandika orodha ya majina, alikuwa amekwenda mazishini Isebania. Dishon alipopita nje ya maabara alimwona Leonida ameshika gundi na vikaratasi. Msomaji hakuruhusiwa kujua namba ni ya nani. Leonida alizijua zote.

Basi ndiyo maana. Alikuwa ameona vizuri sana. Alikuwa anaficha ugonjwa wake mwenyewe.

Sasa Daktari mwenyewe aliinama kwenye hadubini. Dakika zilipita. Nje, wagonjwa waliokuwa wakiota jua walibishana kwa Kijaluo juu ya omena, dagaa wa ziwani, kama wa Karungu ni watamu kuliko wa kwao.

"Vipo," alisema hatimaye. "Vichache, lakini vipo. Dishon yuko sawa."

Dishon akashusha pumzi.

"Lakini wewe, Leonida, kwa macho hayo yako? Umechoka, dada yangu. Siwezi kukunyima Uingereza kwa kioo kimoja. Kesho nitawapangia vingine kumi."

Dishon alihisi nafasi ikimtoka mkononi. Kesho Leonida asingekosea. Huyu hakukosea ila pale alipotaka.

"Hajachoka, Daktari." Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Amedanganya. Gisiri hakuwepo Ijumaa, yeye ndiye aliyebandika namba. Anajua saba ni ya nani. Na anajua mwenye kifua hicho hapandi ndege."

"Dishon, nyamaza," alisema Leonida.

"Ninyamaze, halafu uende ukawaambukize watu wa huko?"

"Nyamaza, ndugu yangu. Nakuomba."

Daktari alimgeukia. "Ni kweli, Leonida?"

"Nilibandika mimi. Nipe adhabu yoyote unayotaka. Hiyo nafasi mpe yeye, mimi siitaki tena. Lakini hiyo bahasha iache, Daktari."

"Mwenye kioo hiki anahitaji kitanda na dawa. Nitaiachaje?"

"Mwone anavyoogopa," alisema Dishon. "Fungua, Daktari. Fungua tuone sote."

Daktari aliipasua bahasha. Alisoma, akavua miwani. Kisha akaigeuza karatasi na kuisogeza upande wa pili wa meza. Mbele ya namba saba, kwa mwandiko safi wa Leonida, palikuwa pameandikwa: Dishon.