Jiwe la Posa

Wageni hawakupewa hata kiti. Mzee Luhende aliwapokea mlangoni, akawapitisha sebuleni bila kusimama, akawatoa uani mpaka kwenye mashine ya kukatia mawe. Akamwonyesha yule kijana swichi ilipo.

"Kata," alisema. "Tutaongea baadaye."

Nyakato nzima iliijua sheria hiyo. Anayemtaka Evelina akate jiwe kwanza. Alikuja karani wa benki na tai yake shingoni, akawasha, akaona cheche, akaaga kabla chai haijachemka. Akaja muuza mitumba ananukia marashi. Huyo aliikimbiza diski mpaka ua wote ukanuka moto, halafu akasema jiwe lina pepo. Majirani walishazoea. Siku ya posa walipanda juu ya majabali nyuma ya ua na karanga zao, kama watu waliokwenda kutazama mpira.

Mzee hakuwa na wazimu. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kilipouzwa kwa bei ya kutupa (na waliokiuza tunawajua, majumba yao yako Ilemela yanatazama ziwa) wafanyakazi waliambiwa soko huria limefika, kila mtu akajitegemee. Kiinua mgongo cha Luhende kikawa mashine kuukuu na diski moja ya almasi. Kwa mashine hiyo aliwakusanya wenzake waliofukuzwa naye, wakaanza kukata mawe ya sakafu na ya makaburi, na watoto wao wakala. Sasa kifua kilikuwa kimemwishia. Daktari alimkataza vumbi. Wafanyabiashara walishaanza kupita kuulizia mashine, wanaipapasa kama ng'ombe mnadani. Mtoto wa kiume hakuwa naye, na Evelina, binti yake wa pekee, alikuwa nesi, hataki kusikia habari za mawe. Yule atakayemwoa ndiye angeikamata hiyo mashine. Asipopatikana, basi, mashine inauzwa na wazee wanarudi barabarani mara ya pili.

Kijana wa leo aliitwa Chenge. Alifuatana na mzee mmoja wa Nansio mwenye kofia ya pama, jina lake Maige. Luhende alimtazama mara moja akajua: huyu ndiye mshenga. Lakini mshenga gani bubu? Tangu shikamoo na marahaba ziishe, maneno yote aliyasema kijana. Tumekuja kwa heri, baba. Tumekuja kutafuta jiko, baba. Luhende akaguna moyoni. Zama hizi za kila kitu ruksa, mpaka mtu anajiposea mwenyewe.

Chenge hakuwasha. Alivua saa, akavua pete, akavitia mfukoni. Moyo wa mzee ukaruka. Huyu anajua mashine inavyokula vidole.

Akapitisha dole gumba kwenye ukingo wa diski.

"Baba, mara ya mwisho mmekata nini?"

"Tofali za saruji."

"Ndiyo maana mmeifunga iende mbio hivi."

Akalegeza mkanda, akauhamisha kutoka puli ndogo ya diski akautia kwenye puli kubwa, ili diski izunguke polepole. Juu ya majabali mtu akapiga kelele kwamba bwana huyu anageuza mashine kuwa mkokoteni. Watu wakaangua kicheko, maganda ya karanga yakamwagika uani.

Chenge aliwajibu bila kugeuka. Tofali ni laini na mchanga wake unaila diski, hilo likimbize. Jiwe gumu linataka mwendo wa chini. Ukilikimbiza, punje za almasi zinakuwa butu, na chuma kinachozishika hakiliki ili mpya zitokeze. Diski inabaki kung'aa kama kioo, haikati hata siagi.

"Kama viongozi wetu," akadakia mama mmoja kule juu, na kicheko kikaanza upya.

Luhende alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kijana akafungua maji, akaipitisha diski kwanza kwenye kipande cha tofali bovu, kuzifumua zile punje zilizozibwa na muuza mitumba. Hata hilo analijua! Kisha akasogeza jiwe lenyewe. Hakusukuma. Mashine ikaguna kwa sauti nzito, maji yakageuka uji wa kijivu, na jiwe likaachana vipande viwili, laini kama sabuni ya mche.

Ua ukalipuka kwa vigelegele. Mzee Luhende, mtu aliyekatazwa hata kupanda ngazi, alicheza akizunguka mashine, akakohoa, akacheza tena. Wenzake wa kiwandani wakambeba Chenge juu juu. Evelina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, huku akichungulia getini. Mama yake akaleta viti, chai, maandazi, na kuku aliyekuwa akipita hapo akakamatwa.

Luhende akapanda juu ya jiwe ili watu wote wamsikie.

"Majirani, mniwie mashahidi. Posa hii nimeipokea. Asije mtu mwingine hapa, hata aje na gari la dhahabu. Nimesema, na mimi sigeuki kama wale waliotuuza."

Mzee Maige ndipo akavua kofia na kufungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu salamu. Alishukuru sana, akasema mwanawe hatalala kwa furaha.

Chenge alinawa mikono, akainama kwa adabu.

"Ahsante, baba. Basi niruhusu sasa nikamwite bwana harusi. Mimi ni mshenga tu. Mwenyewe yuko garini amefunga vioo, maana akinusa vumbi la mawe anavimba uso mzima."