Nta ya Torgunn

Kupika nta mbaya ni kazi ngumu kuliko kupika nzuri, na Eilert Tveitan alikuwa akiihangaikia tangu theluji ya kwanza ilipoanguka bondeni. Nta ikiwa mbaya kupita kiasi, mwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, huigundua mapema, akasimama, akaikwangua na kupaka nyingine. Eilert alitaka nta itakayokuwa na adabu mpaka katikati ya mlima, kisha ndipo ianze kukamata theluji.

Sababu ilikuwa mkewe. Magnhild, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa na nishani tisa za mbio kuu za kuvuka mlima, na goti la kushoto ambalo madaktari walipanga kulitoa Aprili na kumwekea la chuma. Mbio za Machi hii zingekuwa zake za mwisho. Wenye nishani kumi huitwa jukwaani, na Magnhild alikuwa amechoka kuwapigia wengine makofi.

Taabu ni kwamba nishani hizo zinamwangalia mshindi wa rika lako. Ukichelewa nyuma yake kwa zaidi ya robo ya muda wake, unapewa supu na asante. Na mshindi wa rika lao, mwaka nenda mwaka rudi, alikuwa Torgunn Sletten wa ng'ambo ya ziwa, mjane mwenye mapafu ya farasi. Bila Torgunn, mshindi angekuwa Magnhild mwenyewe.

Eilert hakumwambia mkewe neno. Magnhild ni mtu wa kurudi dukani kwenye baridi ya kukata masikio kwa sababu ameondoka na kalamu ya muuzaji. Angesikia mpango huo, angejitoa mbioni siku hiyo hiyo.

Kwanza ilibidi Torgunn amwamini. Januari Eilert alivuka ziwa lililoganda, akagonga mlango, akajitolea kuzipaka nta skii zake, maana marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akizipaka. Kwa mbio ndogo za kila Jumapili alimpakia nta nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Torgunn alishinda zote, na kila Jumapili alizidi kumwacha Magnhild nyuma.

"Mwaka huu Torgunn anapaa," Magnhild alisema siku moja wakiwa garini.

"Ana mwili mzuri," Eilert akajibu, akimaanisha mapafu.

Magnhild alitazama nje ya dirisha mpaka nyumbani.

Dukani nako Knut, mwenye duka, hakumwacha apumzike. "Bwana Eilert, njia yako ya kuvuka ziwa imeshakuwa barabara. Tuombe manispaa ikuwekee taa?"

"Nampakia nta tu."

"Ndiyo hiyo hiyo," Knut akasema, na wateja wakacheka. Magnhild alikuwa kwenye rafu ya unga. Alilipia hamira yake akatoka.

Torgunn alimkaribisha Eilert vizuri. Alimwandalia keki za moto na jibini la kahawia, akamsimulia habari za marehemu. Eilert alikula huku roho ikimsuta. Alimwonea huruma kwelikweli yule mama, lakini akirudi nyumbani alimkuta Magnhild amekaa jikoni na barafu juu ya goti, na huruma yote ilihamia huko.

Asubuhi ya mbio kuu, skii za wanawake wote wawili zilikuwa chini kwenye stoo ya Eilert. Juu ya meza palikuwa na makopo mawili ya nta, vifuniko vimeandikwa M na T. Nta zote mbili zilikuwa nyeusi tii. Kwa kawaida angezitofautisha kwa kunusa, lakini mafua yalikuwa yamemziba pua wiki nzima.

Magnhild alishuka ngazi polepole. "Kahawa yako iko mezani, inapoa. Nenda kanywe, mimi nafunga viatu."

Eilert alikwenda, akanywa, akarudi, akaanza kupaka.

"Zangu uzipake vizuri," Magnhild alisema. "Kama zake."

"Vizuri kuliko zake," akasema Eilert, na hilo alilisema kwa moyo mmoja.

Adhuhuri alikuwa amesimama penye mstari wa kumalizia, kofia mkononi. Wa kwanza wa rika lile alitokea mapema mno, akiteleza kana kwamba mlima wote ni mteremko. Alikuwa Torgunn. Eilert alidhani macho yanamdanganya.

"Eilert, ndugu yangu," Torgunn alisema, akimkumbatia mbele ya bonde zima. "Za Januari zilikuwa nzuri. Hii ya leo ulikuwa umeificha wapi?"

Eilert alikaa kwenye benchi akaipitia nta yake kichwani, kiungo kwa kiungo, asione alipokosea. Robo ya muda ilipita. Wazee wengine wa rika lile waliwasili, wakanywa supu yao. Jukwaani wenye nishani kumi waliitwa, wakapigiwa makofi, wakashuka.

Magnhild alifika watu wakikunja mahema. Hakuwa akiteleza, alikuwa akitembea, na chini ya kila skii theluji ilikuwa imeganda nene kama kisigino cha kiatu cha harusi. Eilert alimkimbilia, akapiga magoti, akainua skii moja na kuitazama chini yake.

"Asubuhi ulipokwenda kunywa kahawa nilibadilisha vifuniko," Magnhild alisema bila kupandisha sauti. "Nilitaka mara moja tu, kabla sijaacha, niteleze kwa nta unayompikia mwanamke unayempenda."